Hadithi ya Picha Katika Somo la Ufahamu

Wapo walimu ambao, wakiona kitabu cha katuni chini ya dawati, hukitwaa mara moja na kukifungia kabatini. Wanahofu kwamba picha humfanya mtoto kuwa mvivu wa kusoma maneno. Kwa hadithi zilizotungwa ovyo hofu hiyo ina ukweli kidogo. Kwa zilizotungwa vema haina haki, na kitabu kimoja cha kuchekesha kutoka Kanada chaweza kutuonyesha sababu.

Kitabu hicho, Zombies Calling, kilitolewa mwaka 2007. Mtungaji wake, Faith Erin Hicks, alikuwa bado mchoraji chipukizi. Joss, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeelemewa na mitihani, amezitazama mno filamu za mazombi hata amezijua kanuni zake. Siku mazombi, yaani maiti watembeao na kula watu, wanapokivamia chuo, yeye na wenziwe wawili huzitegemea kanuni hizo ili wajiokoe.

Joss anabashiri, kwa kuwa amekwisha kutana na hadithi nyingi za aina hiyo. Mtoto wa Darasa la Tatu hufanya vivyo hivyo asikiapo kwamba Sungura amekutana na Fisi: hujamaliza sentensi, naye amekwisha jua nani atadanganywa. Lakini mtoto yuyo huyo, akipewa aya kitabuni, huisoma kwa sauti neno kwa neno. Akiulizwa amesoma nini, hunyamaza. Hadithi ya picha yaweza kumrudishia tabia ya kubashiri, maana baina ya kisanduku kimoja na kingine pana pengo. Tuseme katika cha kwanza mkono umeshika kitasa. Katika cha pili mlango u wazi na chumba ni kitupu. Aliyeingia amekwenda wapi? Hilo halikuchorwa. Msomaji hulijaza mwenyewe.

Basi chora ubaoni visanduku vinne, cha tatu ukiache kitupu. Wanafunzi wajadili wawili wawili kilichotukia, kisha kila mmoja aandike sentensi moja. Usiyapime majibu yao kwa jibu ulilonalo kichwani. Uliza, "Umeona nini katika picha kilichokufanya useme hivyo?" Swali hilo ndilo lililobeba somo lote. Michoro ya vijiti yatosha. Ng'ombe wako akifanana na mbuzi watoto watacheka, na kazi itaendelea.

Hata hivyo, kitabu chenyewe cha Hicks ni cha vijana, wala hakifai kupelekwa shule ya msingi. Tena pana jambo zito zaidi. Zombi mla watu alienezwa na filamu ya George Romero ya mwaka 1968, na watazamaji wengi humchukulia kuwa mchezo tu. Katika imani ya Haiti, iliko asili yake, zombi ni mfu aliyeinuliwa kaburini akatumikishwa, na habari hiyo yakaribiana mno na ya msukule kwetu. Darasani huenda yumo mtoto aliyefiwa na mzazi, na nyumbani anasikia wakinong'ona kwamba marehemu hakufa bali amechukuliwa. Ukimchorea huyo maiti anayetembea, hatabashiri lolote. Atalia, au atanyamaza muhula mzima. Mchoree fisi aliyeiba nyama.