Je, Wajua? Kilomita 25 za Maajabu Kisiwani Vypin

Barabara ya Jimbo namba 63 ya Kerala, India, ina urefu wa kilomita 25 hivi tu. Inapita kisiwa cha Vypin, mkabala na jiji la bandari la Kochi, kutoka gati la kusini hadi Pallippuram kaskazini. Twende nayo!

Kisiwa kichanga kuliko Kilwa
Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, Vypin ilikuwa bado. Wenyeji husimulia kwamba kisiwa kilizuka mwaka 1341, mto Periyar ulipofurika na kumwaga tope na mchanga pwani. Tukio hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walianza kuhesabu miaka upya tangu hapo!

Mgeni wa Malindi alilazwa ng'ambo
Ukivuka mkondo kwa pantoni kutoka Vypin, unafika Fort Kochi baada ya dakika chache. Vasco da Gama, aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498, alifia Kochi mwaka 1524 na kuzikwa huko, hadi mifupa yake ilipopelekwa Ureno.

Maji yalilipia madaraja
Mwaka 2004 madaraja matatu ya Goshree yaliunganisha Vypin na katikati ya jiji, ambako watu walizoea kwenda kwa boti. Pesa zilitoka wapi? Sehemu ya maji ilifukiwa, ardhi hiyo mpya ikauzwa! Na mwaka 2023 boti zikarudi kwa fahari: Metro ya Majini, ya kwanza India, inawavusha abiria kwa umeme wa betri.

Mpunga na kamba, shamba moja
Kisiwani humo hulimwa pokkali, mpunga unaostahimili chumvi. Mvua za monsuni zikipunguza chumvi shambani, mpunga hupandwa. Ukishavunwa, maji ya chumvi huingizwa na kamba wakafugwa. Kamba hula mabaki ya mpunga, nao huacha mbolea kwa msimu ujao. Hakuna kinachopotea.

Ngome ndogo, vita vikubwa
Pallippuram ina ngome ya pembe sita iliyojengwa na Wareno katika karne ya 16. Waholanzi waliiteka, na mwaka 1789 wakaiuzia dola ya Travancore pamoja na ngome jirani ya Kodungallur. Tipu Sultan wa Mysore hakukubali mauzo hayo. Akaishambulia Travancore, Waingereza wakaingilia kati, na vita vikaendelea hadi mwaka 1792.