Kijana Aliyetoka Shule Asingoje Januari

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akitoka shuleni katikati ya mwaka hana budi kukaa nyumbani mpaka Januari. Sivyo. Vyuo vya ufundi vya Kenya, kwa desturi, huingiza wanafunzi mara tatu kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba.

Mvulana au msichana asiye na cheti cha sekondari yafaa aanze kwa kuuliza katika chuo cha ufundi kilicho karibu na kwao. Vyuo hivyo, ambavyo zamani viliitwa politekniki za vijana, husimamiwa na serikali za kaunti. Miongoni mwa kazi zinazofundishwa humo ni useremala, uashi, ushonaji na umakanika.

Aliyejifunza kazi kwa fundi wa mtaani naye hakusahauliwa. Halmashauri ya mafunzo ya viwandani, yaani NITA, hupima ustadi wake kwa mtihani wenye madaraja matatu. Anayeanza hufanya daraja la tatu, kisha la pili, na mwisho la kwanza.

Lakini hadhari ni lazima. Kabla ya kulipa karo, mzazi na ahakikishe kwamba chuo kimeandikishwa na TVETA, halmashauri iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Aulize pia ni nani atakayetoa cheti. Cheti kisichotambuliwa hakimfai kijana anapotafuta kazi, na karo iliyokwisha kulipwa ni vigumu kurudishwa.