Ukuta wa moyo unapopasuka: Kwa nini madaktari wakati mwingine husubiri kuushona

WATU wengi hudhani kuwa mgonjwa aliyenusurika mshtuko wa moyo amevuka hatari pindi maumivu ya kifua yanapotulia. Hata hivyo, siku chache zinazofuata huja na hatari nyingine isiyojulikana sana, nayo ni kupasuka kwa ukuta wa moyo.

Mshtuko wa moyo hutokea damu iliyoganda inapoziba mojawapo ya mishipa inayolisha misuli ya moyo. Sehemu iliyokosa damu hufa na kulainika. Kwa kuwa moyo hauachi kudunda, shinikizo la damu huweza kuitoboa sehemu hiyo dhaifu. Hali hii hutokea zaidi katika saa 24 za kwanza au kati ya siku ya 3 na ya 5, ingawa huweza kuchelewa hadi wiki 2.

Kuna aina 3 za mpasuko huu. Ya kwanza ni ya ukuta wa nje, ambapo damu humwagika ndani ya mfuko unaouzunguka moyo na kuubana usiweze kujaa tena. Mgonjwa huweza kufariki katika muda wa dakika chache. Ya pili ni kutoboka kwa kiambaza kinachotenganisha vyumba viwili vya chini, damu ya kushoto ikavuja kwenda kulia na kuyalemea mapafu. Ya tatu ni kukatika kwa msuli unaoshikilia vali ya upande wa kushoto, damu ikawa inarudi nyuma kila moyo unapodunda.

Dalili zake ni kushindwa kupumua ghafla, kutokwa na jasho baridi, kuzirai na kushuka kwa shinikizo la damu. Daktari huweza kusikia mvumo mpya moyoni, kisha akathibitisha kwa picha za mawimbi ya sauti.

Dawa pekee haziwezi kuziba tundu hilo. Mnamo 1956, mpasuaji wa Marekani, Denton Cooley, pamoja na wenzake walifaulu kwa mara ya kwanza kukishona kiambaza cha mgonjwa aliyegunduliwa kuwa na mpasuko huo wiki 9 awali.

Katika upasuaji huu, mgonjwa hutiwa dawa ya usingizi, kifua kikafunguliwa na mashine ikachukua kazi ya moyo na mapafu. Ugumu uko katika kushona kwenyewe, kwani msuli uliokufa haushiki uzi, sawa na kitambaa kilichooza. Kwa sababu hiyo, madaktari hutumia kiraka kikubwa na kukishonea kwenye msuli mzima, mbali na kingo za tundu. Pale ambapo ukuta wa nje unavuja polepole tu, kiraka huweza kubandikwa kwa gundi maalumu bila kushonwa.

Swali gumu zaidi ni wakati wa kupasua. Utafiti wa wagonjwa 2,876 wa mpasuko wa kiambaza, uliochapishwa Marekani mwaka wa 2012, ulionyesha kuwa kati ya waliopasuliwa katika siku 7 za kwanza baada ya mshtuko, asilimia 54 walifariki. Miongoni mwa waliopasuliwa baadaye, waliofariki walikuwa asilimia 18.

Takwimu hizo zisieleweke visivyo. Baada ya siku kadhaa kovu huanza kukomaa na uzi hushika vyema, lakini wanaofika siku hiyo ni wale waliokuwa na nguvu ya kungoja. Wengine hufariki wakisubiri. Ndiposa madaktari hutumia mitambo ya kuusaidia moyo, kama vile puto linalowekwa ndani ya mshipa mkuu, ili kununua muda. Mgonjwa akizidi kudhoofika, hupasuliwa mara moja. Kwa mpasuko wa ukuta wa nje, hakuna kungoja.

Kinga bora ni kuwahi hospitalini. Zamani kiambaza kilipasuka kwa mgonjwa 1 hadi 3 kati ya kila 100 waliopata mshtuko wa moyo. Tangu matibabu ya kuizibua mishipa mapema yaanze kutumika, idadi hiyo imeshuka chini ya 1.

Kwa hivyo, anayebanwa na kifua, hasa maumivu yakienea mkononi au kwenye taya, asijiambie kuwa ni kiungulia na kungoja kupambazuke. Kila saa inayopita, msuli zaidi hufa.