Nani Anawapima Wenzetu, na kwa Kipimo Gani?

Ndugu wafanyakazi, safari hii tunazungumza juu ya jambo ambalo mikutano yetu hulipita upesi: wenzetu wenye ulemavu wa akili wanavyopimwa kama wanaweza kuishi na kufanya kazi pamoja na watu. Wengine watasema hayo ni mambo ya madaktari. Sisi tunasema ni ya chama pia, maana karatasi ya kipimo ikiisha kuandikwa, mwajiri huitumia kuamua nani aajiriwe, nani apewe mshahara gani na nani arudishwe kwao.

Zamani kipimo kilikuwa kimoja, cha akili. Alfred Binet na Théodore Simon walikitengeneza Ufaransa mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wa shule wanaohitaji msaada. Baadaye watu wa nchi nyingine walikichukua wakawapimia hata watu wazima, na aliyeshindwa maswali akahesabiwa hafai. Edgar Doll, mtaalamu katika shule ya Vineland, jimbo la New Jersey, Marekani, aliona kwamba hiyo haitoshi. Mwaka 1935 akatoa kipimo chenye vipengele 117. Je, mtu huvaa mwenyewe? Huenda mjini peke yake? Hutunza fedha zake? Hushirikiana na wenzake? Majibu yanatoka kwa mtu anayemjua vizuri, kama mzazi, na kinachotafutwa ni yale anayoyafanya siku zote, si yale ambayo pengine angeweza kuyafanya. Kipimo hicho kimetengenezwa upya mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2016, na mpaka leo kinatumika.

Ni hatua njema. Lakini kila kipimo kina kwao. Kile cha 1935 kiliuliza kama mtoto wa miaka saba hivi ameacha kuamini kwamba kweli yuko mzee wa Krismasi anayegawa zawadi! Mtoto ambaye hajapata kumsikia mzee huyo atapewa alama gani? Kiliuliza pia juu ya kupaka kitu kwenye mkate kwa kisu cha mezani. Kwetu, mtu mzima hutazamwa kama anajua kuwaamkia wakubwa, kunawa kabla ya kula pamoja, kwenda msibani na kukaa kimya panapotakiwa kimya. Anayeyajua hayo yote anaweza kupata alama ndogo kwenye karatasi iliyotoka mbali.

Kazini jambo hili ni zito. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Marekani, Greenspan na Shoultz, walichunguza kwa nini wafanyakazi wa namna hii hupoteza kazi. Waliona kwamba kutoelewana na watu kulichangia angalau sawa na kushindwa kazi yenyewe.

Nasi tumeyaona. Katika kiwanda kimoja tulikuta kijana anayefunga sabuni, mikono yake hodari kabisa. Nyapara alikuwa ameandika kwamba kijana "hana adabu". Tukauliza amefanya nini. Kumbe husimama karibu mno na watu anapozungumza, na kengele ikilia huondoka bila kuaga. Je, kuna aliyemwambia? Hakuna. Mama mmoja wa meza ile ile alimwonyesha, siku baada ya siku, mahali pa kusimama na namna ya kuaga, mpaka akazoea. Karatasi ya nyapara ilikuwa na nafasi ya kuandika kosa, lakini ya kuandika mafunzo haikuwa nayo.

Tahadhari nyingine ni hii: wengi wa wenzetu hawa wakiulizwa swali na mkubwa hujibu "ndiyo", hata kama hawakuelewa. Anayepima kwa haki huuliza jambo lile lile kwa njia mbili, kisha huwauliza na wanaofanya kazi naye.

Na mshahara? Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 iliruhusu mwenye ulemavu kulipwa chini ya kima cha chini, kwa kulinganisha kazi yake na ya mfanyakazi asiye na ulemavu. Majimbo kadhaa yameupiga marufuku utaratibu huo, lakini sheria yenyewe ya taifa bado inauruhusu. Wakuu wa kazi wa kwetu wasijifunze hilo.

Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 27 kinataja haki ya kufanya kazi na haki za chama cha wafanyakazi, sawa na watu wengine. Kwa hiyo mwakilishi akiletewa fomu ya kipimo, aulize: nani aliyejaza? Anamjua mfanyakazi huyu tangu lini? Maswali yametoka wapi? Kwa kila alama ndogo, nani atamfundisha, na kwa muda gani? Fomu isomwe mbele ya mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, naye awe na mtu anayemwamini kando yake kabla ya yeyote kutia sahihi.