Mtoto wa Kikima hakukosea, niliyekosea ni mimi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika isimu, nilipanda milima ya Mbooni hadi Kikima, kaunti ya Makueni. Nilibeba picha, kinasa sauti na karatasi ya alama. Nilitaka kujua watoto wa chekechea wanaolelewa kwa Kikamba huko nyumbani wanajifunzaje ngeli za Kiswahili.

Nilimwonyesha binti mmoja picha ya kiumbe nilichokichora mwenyewe. Nikamwambia, "Hiki ni kikoli." Kisha nikamwonyesha picha yenye viwili, nikauliza, "Sasa unaona nini?" Akajibu bila kusita: "Ikoli." Mimi nilikuwa nikingoja "vikoli". Nikatia alama ya kosa.

Jioni nilimsimulia bibi yake, ambaye watoto pale walimwita susu. Akacheka. "Mwalimu, kwetu mwanamke mmoja ni kiveti, wengi ni iveti. Mtoto amekujibu sawasawa."

Usiku ule nilizirudia karatasi zangu zote. Binti yule alikuwa ameonyesha jambo kubwa. Alishika kanuni ya wingi katika lugha yake na kuitumia juu ya neno ambalo hajawahi kulisikia. Alama yangu ya kosa ilipima ujinga wangu wa Kikamba, si ujuzi wake.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza kwa nini nitumie neno la kubuni. Mtoto akisema "viti" au "vikombe", huwezi kujua kama amekariri neno au anaijua kanuni. Ukimpa neno ambalo halipo duniani, hana pa kulikariri, na akilitia wingi basi kanuni imo kichwani mwake. Njia hii ilipata umaarufu mwaka 1958, pale mtafiti Jean Berko wa Marekani alipowaonyesha watoto wa miaka 4 hadi 7 picha ya kiumbe alichokiita "wug". Mpaka leo jaribio hilo linafundishwa kote duniani.

Lakini jaribio la Kiingereza haliletwi huku kama nguo ya mtumba, ukaivaa bila kuipima. Kabla ya safari ya Kikima nilikuwa nimejaribu maswali yangu nyumbani Mombasa. Nilisema, "Sasa viko viwili. Hivi ni...?" Kila mtoto alipata. Nikafurahi, hadi mwenzangu aliponishtua kwamba jibu nimelitoa mwenyewe. "Viko", "viwili" na "hivi" vyote vimebeba "vi-" tayari. Kiswahili hupatanisha kila neno na nomino yake, kwa hiyo swali lenyewe linavujisha jibu. Ndipo nikabadilisha na kuuliza "Sasa unaona nini?"

Haya ndiyo mambo ambayo mwanafunzi wa uzamili anapaswa kufundwa kwa vitendo kabla hajaenda kwa watoto wa watu. Afundishwe kuficha jibu katika maneno yake, na hata usoni pake, kwani mtoto husoma macho ya mkubwa. Akisema "vizuri sana" kwa jibu sahihi tu na kunyamaza kwa jingine, mtoto ataanza kubahatisha. Achanganye mpangilio wa picha, maana mtoto aliyechoka hukosea za mwisho. Aanze na maneno ya kweli, ili ajue mtoto ameuelewa mchezo. Majibu yaliyorekodiwa yasikilizwe na watu wawili, kila mmoja akiandika peke yake, na mmoja wao awe mzawa wa lugha ya pale. Na kabla ya yote aombe ruhusa ya mzazi, na mtoto akisema amechoka, aachwe aende kucheza.

Mifano ya kujifunzia ipo karibu. Kamil Ud Deen alirekodi watoto 4 wa Nairobi, na mwaka 2005 akatoa kitabu kuhusu jinsi wanavyojifunza Kiswahili. Watoto wale walikuwa wakiangusha viambishi vya nafsi na vya wakati, mfano wa kusema "taka" badala ya "nataka". Lakini hata wakubwa wa Nairobi huangusha kiambishi cha nafsi wakati mwingine. Hivyo mtafiti humsikiliza kwanza mzazi ndipo amhukumu mtoto.

Hapa kwetu Kilifi, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto wachanga kwa Kiswahili na Kigiriama. Kwingine fomu kama hizo hujazwa na mzazi mwenyewe. Kilifi, kwa kuwa wazazi wengi hawakusoma, walihojiwa kwa mdomo. Chombo kilibadilishwa kimfae mama, na mama hakulaumiwa.

Kwa nini nayasema haya kwenu? Kwa sababu alama ya kosa haibaki kwenye karatasi. Inaingia kwenye tasnifu, kutoka hapo inaweza kufika kwa anayepanga masomo ya chekechea, na mwisho inamrudia mtoto kwa jina la "mzito". Jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini anayelipeleka mjini ndiye anayeliita bubu. Mtoto wa Kigiriama au wa Kipokomo yuko hatarini sawa na yule wa Kikima.

Ombi langu kwa vyuo vyetu ni dogo. Msimsubiri mwanafunzi aanze tasnifu ndipo akutane na mtoto wa kwanza. Mpelekeni mapema, akae mkekani, ajaribu na akosee mbele ya mwalimu wake. Na katika kila kundi la utafiti awepo mtu kama susu, aulizwe kabla ya alama kutiwa.

Karatasi ya binti yule ninayo bado. Nilifuta alama ya kosa, nikaandika pembeni: "Anajua."