Kupima pombe kwa wanafunzi: pumzi inasema nini, na haisemi nini

Siku ya nne na ya mwisho ya Examen d'État, mtu anayekaa karibu na kituo cha mitihani anajua namna inakuaka. Finalisti wanatoka wakiimba, mashati meupe yameandikwa kalamu pande zote, wengine wamemwagiwa poda kichwani. Ni furaha yao, na wameitumikia miaka mingi. Lakini mbele giza liingie, kuna wale wako tayari ndani ya nganda, ao nyuma ya butike wakipasua sacheti za pombe kali. Sacheti bei yake ni kidogo, inaingia mu mfuko wa suruali, na mara nyingi muuzaji haulizi mwanafunzi umri wake.

Kwa siku za kawaida pia tatizo liko. Kuna mtoto anayefika darasani asubuhi akinuka kasiksi ao kanyanga, wakati mwingine kwa sababu njo inatengenezwa kwao nyumbani. Hapo direkta wa disiplini anatumia kifaa alicho nacho: pua yake. Anamwambia mtoto apumue, ananusa, kiisha anaamua. Mwanafunzi anaweza kurudishwa nyumbani, hata kufukuzwa kabisa wiki chache mbele ya mtihani, juu ya pua ya mtu mmoja. Ndiyo maana wazo la kununua alkotesti, kile kifaa cha kupima pombe kwa pumzi, linavutia wazazi na viongozi wa masomo. Ila kifaa hicho kinafaa kujulikana vizuri mbele ya kutoa makuta.

Pombe ikishanywewa inapita tumboni na kwenye matumbo madogo, inaingia mu damu. Damu inapofika kwenye mapafu, sehemu ndogo ya pombe inageuka mvuke na kutoka pamoja na pumzi. Alkotesti inapima mvuke huo. Ile ya kutupa ni kamrija kenye chembe za rangi ya manjano zinazogeuka kijani pombe ikipita. Inatumika mara moja tu. Ile ya umeme ina kiini ambamo pombe inatoa umeme kidogo, na namba inaonekana kwenye kioo. Hiyo ya pili ni sahihi zaidi, lakini inaomba betri, inaomba mdomo mpya wa plastiki kwa kila mtoto, na inaomba kurekebishwa na fundi kila baada ya muda, kama vile mizani ya sokoni. Kama hairekebishwi, namba yake haina maana tena.

Tena inaweza kudanganyika. Dawa ya maji ya kikohozi yenye pombe ndani yake, ao dawa ya kusukutua kinywa, inaacha mvuke mdomoni kwa dakika kadhaa. Hata gel ya kuoshea mikono, ile iliyojaa kwenye masomo yetu tangu Ebola na Covid, ni pombe. Mpimaji akiwa ameipaka sasa hivi na kushika kifaa, mvuke wake unaweza kuharibu kipimo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kipimo hiki ni kungoja: mtoto anakaa dakika 15 bila kula, kunywa wala kutia kitu mdomoni, halafu anapimwa tena. Anayepima mara moja na kutoa hukumu hajapima.

Kuna pia jambo ambalo kifaa hakiwezi kusema. Ini ya mtu mzima inaondoa karibu gramu 0,1 hadi 0,15 ya pombe kwa kila litre ya damu kwa saa moja. Aliyekunywa kidogo jana jioni, asubuhi pumzi yake inaweza kuwa safi. Alkotesti haioni bangi, haioni vidonge. Haisemi kama mtoto alikunywa kwa kupenda, kwa kulazimishwa na wakubwa, ao kwa sababu asubuhi nyumbani hakukuwa chakula kingine. Na mtoto anayeyumba si lazima awe mlevi. Malaria kali inachanganya akili. Mgonjwa wa sukari ambaye sukari yake imeshuka anaongea ovyo na kutoka jasho, na mtu anaweza kusema amelewa. Aliyeanguka na kugonga kichwa ni vile vile. Hapa alkotesti ina faida moja kubwa ambayo watu hawaifikirii: ikionyesha sifuri kwa mtoto anayeyumba, inatuambia tukimbie kwenye kituo cha afya.

Inchi iliyojaribu sana kupima wanafunzi ni Marekani. Kule masomo mengi yanapima pumzi kwenye mlango wa sherehe za mwisho wa mwaka. Kuhusu vipimo vya mkojo vya kutafuta dawa za kulevya, Mahakama yake Kuu ilikubali mwaka 1995 kwamba shule inaweza kupima wanafunzi wanaocheza michezo, na mwaka 2002 ikapanua ruhusa hiyo kwa wale wa shughuli nyingine nje ya darasa. Lakini chama cha waganga wa watoto cha kule hakikubali kupima wanafunzi ovyo ovyo kwa kubahatisha: kinasema faida yake haijaonekana vya kutosha, na mtoto anaweza kupoteza imani kwa watu wazima wanaopaswa kumsaidia. Ni inchi yenye makuta na maabara, na bado mabishano hayajaisha.

Kwetu, Katiba ya 2006 katika kifungu cha 41 inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, na kifungu cha 31 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaomba faida ya mtoto itangulie katika kila uamuzi unaomuhusu. Kwa hiyo kumpimia mtoto mbele ya mstari wa bendera, wenzake wakicheka na wengine wakipiga picha kwa telefone, ni kumuvunjia heshima, hata kama kweli alikunywa.

Watu wa Beni, Butembo na Mambasa wanajua njia nyingine, kwa kuwa waliiishi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, joto la mwili lilipimwa kwenye milango mingi: prefe, mwalimu, mwanafunzi, mgeni, wote. Aliyeonekana na joto hakupigwa wala kufukuzwa. Alipelekwa kwa waganga. Kama komite ya wazazi inataka alkotesti mlangoni kwa kermesse ao kwa sikukuu ya mwalimu ya tarehe 30 Aprili, inafaa iwe vile: wazazi na wanafunzi wamejulishwa mapema, kila anayeingia anapimwa, na watu wazima wakiwemo. Hiyo ya mwisho wengine hawataipenda. Kila mtu anajua kreti za bia zinaendaka kwa nani siku hiyo. Na mbele ya kununua, komite iandike kwenye karatasi: akipatikana mtoto, nani anaitwa, nani anamsindikiza nyumbani, na nani ataongea naye kesho yake.

Akipatikana amelala chini na haamuki, kipimo hakina kazi tena. Alazwe kwa upande ili matapishi yasimzibe, afunikwe, asiachwe peke yake. Kahawa ao maji baridi kichwani havimsaidii. Pumzi ikiwa pole pole ao mwili ukiwa baridi, motari aitwe mara moja, mtu mzima apande nyuma kumshika. Pombe inashusha sukari mu damu ya mtoto haraka, zaidi akiwa na njaa. Na kama aliyekunywa pombe kali ya kupikwa analalamika kwamba haoni vizuri, hata kama ni kesho yake, apelekwe hospitali siku ile ile: pombe ya methanoli inapofusha macho, na inauaka.