KITI CHA PWEZA NA YAI LINGOJALO

Wewe uliyekosa kutusikiliza, soma hapa polepole, na penye ugumu rudia mara ya pili.

Ukienda pwani maji yakiwa yamekupwa utamkuta kiti cha pweza amejibandika mwambani, mikono mitano, hana kichwa wala ubongo. Watoto humgeuza chali wakaenda zao. Leo tutamtazama yeye, maana ndani yake wataalamu wameona wazi jambo ambalo katika mwili wa mwanadamu limefichika mno: yai hujuaje kwamba saa yake imefika?

Kwanza fahamu kwamba yai lililomo tumboni bado si tayari. Huanza kazi ya kujigawa, kisha husimama katikati, likangoja. Mayai ya mwanamke huanza kungoja hivyo kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, na mengine hungoja miaka 40 na zaidi. Ya kiti cha pweza nayo husimama katika hatua ile ile. Ukiyatazama kwa hadubini utaona kiini kikubwa, cheupe kama povu. Kiini hicho kikiwapo, ujue yai ni bichi. Mbegu za kiume zikilifikia wakati huo, mara nyingi huingia nyingi pamoja, na yai huharibika.

Basi, nani huliamsha? Mwaka 1959, Chaet na McConnaughy walikamua dawa kutoka katika mishipa ya fahamu ya mikono ya kiti cha pweza, wakampiga mwenzake sindano ya dawa hiyo. Akamwaga mayai. Ungeweza kudhani kwamba dawa ile ya mishipa ndiyo iliyoliamsha yai. Lakini ngoja kidogo.

Kila yai la kiti cha pweza limevikwa seli ndogo ndogo, kama nguo. Ukilivua nguo hiyo, kisha ukalitia katika dawa ya mishipa, yai halishtuki, limelala tu. Likiwa na nguo yake, huamka. Maana yake nini? Ni kama mambo ya posa: mshenga haendi kwa binti, huenda kwa wazee, nao wazee ndio wamwambiao binti. Dawa ya mishipa huziambia seli za nguo, na seli hizo hutoa neno lao wenyewe kwa yai.

Neno hilo lilijulikana mwaka 1969. Haruo Kanatani wa Japani na wenzake waligundua kwamba ni methiladenini, kitu kidogo sana, ndugu wa adenini ambayo ni moja ya herufi nne za urithi wetu. Tia methiladenini kidogo katika maji ya bahari yenye mayai yaliyovuliwa nguo, kisha tazama saa yako. Kabla ya saa moja kwisha, kile kiini cheupe kimeyeyuka machoni pako. Yai linapevuka.

Jambo lililonistaajabisha mimi ni hili. Walipochukua sindano nyembamba wakaitia methiladenini hiyo hiyo ndani ya yai, hapakutokea kitu! Homoni husikika kutoka nje tu. Sikio la yai liko juu ya ngozi yake.

Na ndani je? Mwaka 1976 Kishimoto na Kanatani walinyonya ute kidogo kutoka katika yai linalopevuka, wakautia katika yai bichi ambalo halikupata homoni yoyote. Nalo likapevuka. Kwa hiyo homoni hubisha mlango tu. Nguvu yenyewe imo ndani ya yai. Siku hizi twajua kwamba nguvu hiyo ni protini mbili zilizoshikana, moja huitwa saiklini. Zimo ndani ya yai tangu mwanzo, ila zimefungwa kwa kufuli ya fosfeti. Homoni ikigusa ngozi, habari hupitishwa ndani kutoka protini hadi protini, mpaka kufuli ifunguliwe. Protini jozi hiyo hiyo imo katika mwili wako, na kila seli yako inapojigawa huitumia. Ndiyo maana wachunguzi wa saratani nao huitazama sana.

Ile dawa ya mishipa ilichukua muda mrefu zaidi kutambulika. Mwaka 2009 ikajulikana kuwa ni ndugu wa rilaksini, homoni ilegezayo viungo vya nyonga katika wanyama wenye mimba. Nani angelitazamia?

Usidhani mambo haya ni ya maabara tu. Katika bahari yetu yuko kiti cha pweza wa miiba mingi, alaye matumbawe. Jike mkubwa aweza kumwaga mamilioni ya mayai katika msimu mmoja. Wakizidi mno, matumbawe hufa, na samaki hukosa makao, na mvuvi hurudi na dema tupu. Wachunguzi wanaotaka kujua watoto wake hukuaje humpiga sindano ya methiladenini ile ile, wakapata mayai siku waitakayo.

Lakini lazima wafanye haraka. Wakati mzuri wa mbegu kuingia ni baada ya kiini kuyeyuka, kabla yai halijatoa kijipande chake cha kwanza cha kutupwa. Likichelewa sana, hudhoofika. Baharini hakuna wa kuliwekea saa, nayo mawimbi hutawanya kila kitu. Jike akimwaga peke yake, siku ambayo madume wamelala, mayai yale huwa chakula cha samaki.

Mbegu ya kiume hulitafutaje yai katika maji mengi namna ile? Hilo ni somo letu lijalo. Kwaherini.